Maziwa Yaliyokataa Kukauka

Mwanangu Restituta,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Tangu bibi yako aliponikataza kukunyonyesha, nimekuwa nikikunyonyesha. Nafanya hivyo humu humu ninamokuandikia, chumba cha nyuma, juu ya magunia ya maharage, wakati wenzangu wako shambani. Naosha shubiri waliyonipaka, nakupa, unanyonya mpaka unasinzia, halafu najipaka tena shubiri kwa mkono wangu mwenyewe ili jioni bibi yako akinikagua aikute. Nyumba nzima inaamini maziwa yangu yamekataa kukauka. Majirani wanaamini hivyo. Daktari naye alibonyeza, akaona bado yapo, akanirudisha nyumbani. Hakuna aliyefikiri kwamba mimi, ninayeona haya hata kutumwa kuomba chumvi kwa jirani, ninaweza kuwadanganya watu wazima wote hao.

Kwa sababu ya uongo huo, kesho unaondoka.

Sijui utakuwa na umri gani utakaposoma barua hii. Leo unasimama kwa kushika gunia, unatetemeka magoti, unanitazama nikusifu. Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la kemia, kwa maana duka la kijiji halina karatasi, kama lisivyokuwa na sabuni tangu vita ya Uganda. Ukigeuza utaona michoro ya chupa na mirija. Isamehe. Niliipenda sana kemia.

Mambo ya uji wako na nguo zako sitayaandika. Bibi yako ameshamweleza shangazi yangu Teresia mpaka shangazi akamwambia, "Wifi, mimi nimezaa. Hata ndama ninawalea." Shangazi ni dada wa babu yako. Aliolewa na Mmasai huko Nainokanoka, juu kwenye baridi, ana duka dogo la chumvi na majani ya chai, na maziwa ya ng'ombe kwao hayakosekani. Alifika juzi na lori lililoleta ngozi mnadani. Jana alikubeba akasema, "Huyu atarudi anaongea Kimaasai tupu, na ugali wenu ataukataa." Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Ninachotaka kukuandikia ni kile ambacho hakuna mtu aliyeniandikia mimi.

Nitalitaja neno lenyewe, matiti, kwa sababu kwetu halikutajwa. Wanawake wa upande wa mama yangu wanakufa kwa ugonjwa wa matiti. Wa kwanza ninayemkumbuka ni Ama, yaani bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa mdogo. Alikuwa na kidonda ambacho mganga alikichoma kwa chuma cha moto, kikawa kikubwa zaidi. Katika nyumba za zamani za kwetu watu walilala upande mmoja na ng'ombe upande mwingine. Ama aliomba mwenyewe ahamishiwe upande wa ng'ombe, ili harufu yao ifunike yake. Watu walisema mzee anawapenda ng'ombe wake, anataka kufa karibu nao. Mimi nilipelekwa kumpa maji kwa kibuyu. Nakumbuka alipokea huku amejifunika mpaka kidevuni, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama kijiti cha kuwashia moto. Alifia kule kwenye samadi, na mpaka leo hakuna aliyesema alikufa kwa nini. Walisema uzee. Hakuwa mzee.

Akafuata mama yangu mdogo Yuliana, aliyeolewa Mbulu. Yeye sikumwona. Tuliletewa habari, na baadaye tukaletewa mtoto wake mmoja tukae naye, wengine wakagawanywa kwa ndugu wa baba yao.

Kisha dada yangu Veronika.

Kwa Veronika sina budi kukueleza jinsi tunavyooga. Mto wetu ni mwembamba, unatoka msituni, chini ya ukingo wa kreta, na maji yake ni baridi hata jua likiwaka. Jumamosi mchana wanawake wa huku juu tunashuka pamoja, tunafua, tunaanika nguo kwenye vichaka, tunaoga pamoja. Bibi wa watu, wasichana, mama mwenye mimba, wote. Mtu anakusugua mgongo huku anakusimulia ya mnadani. Huko mtoni ndiko nilikokuwa naweza kuongea hata mimi, kwa sababu kelele za maji zinanifunika sauti.

Veronika alikuwa ameolewa na mwalimu, nyumba yao si mbali na kwetu. Jumamosi moja hakuoga. Alisema ana mafua. Nyingine akasema ameoga nyumbani. Baadaye akawa anashuka mtoni peke yake asubuhi kabla ya watu. Wanawake wakaanza maneno.

"Mke wa mwalimu ameona sisi tuna ukurutu."

"Mwache, ameletewa sabuni ya Nairobi, anaogopa tutamwomba."

Nami nilicheka pamoja nao. Dada yangu mwenyewe, nilimcheka. Nilidhani kweli anaringa. Nilikuwa narudi likizo kutoka shule ya bweni, nikamkuta amekonda, nikamwambia, "Dada, kuringa kunakukondesha." Akatabasamu, akapandisha kanga yake juu kidogo.

Alikuwa amekwenda zahanati. Hilo tulijua baadaye. Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa hapa hapa, shemeji yake wa ukoo, anayemtania kila wakikutana. Veronika aliona haya kumfungulia nguo, akasema anakohoa. Akapewa dawa ya kikohozi, na alivyokuwa mtiifu akainywa chupa nzima. Alipokuja kuonwa na daktari wa hospitali ya misheni, kidonda kilikuwa kimeshafunguka. Daktari ni mama wa Kizungu, mzee kidogo, Kiswahili anakijua. Alimtazama, akamfunika polepole, akamuuliza, "Kwa nini hukuja?" Veronika akasema, "Nilikuja zahanati." Ni kweli, alikwenda.

Alikufa wakati wa kuvuna ngano. Mkono wake mmoja ulikuwa umevimba, pete haikutoka, wakamzika nayo.

Sasa nakufikia wewe.

Nikiwa kidato cha tatu nilipata mimba yako. Baba yako alikuwa kidato cha nne, mpole, anajua sana hesabu. Yuko jeshini kwa mujibu wa sheria, na sina neno baya wala zuri la kuongeza. Shule walinifukuza, nikarudi na sanduku langu, nikasema nyumbani kwamba shule imefungwa mapema kwa sababu ya njaa. Waliamini, maana miaka hii shule zinafungwa hivyo. Na nilipoona tumbo linaanza kuonekana, nikaacha kuoga na wenzangu. Nikawa nashuka mtoni peke yangu asubuhi.

Sikufikiria Veronika hata kidogo. Nilifikiria tumbo langu tu. Zamani kwetu msichana akipata mimba nyumbani kwao alifukuzwa, akazae mbali na nchi ya watu wake, na mtu aliyempa moto au maji alikuwa amejitia nuksi. Siku hizi tunakwenda kanisani, lakini wazee hawajasahau, na mimi niliogopa hivyo hivyo.

Asubuhi moja nilikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, kuna ukungu, nikasikia mtu anashuka korongo mbio, mawe yanaporomoka. Ni bibi yako. Hakuvua hata viatu. Aliingia mtoni na nguo zake, akanishika mabega, na uso wake sijawahi kuuona vile, wala sitaki kuuona tena. Akanivuta kanga, akaanza kunipapasa matiti, moja, lingine, kwapani, anabonyeza kwa vidole mpaka naumia, anarudia. Nikawa nalia, nasema, "Mama, naumia, mama." Yeye anasema tu, "Liko wapi? Nionyeshe liko wapi."

Halafu mkono wake ukashuka, ukagonga tumbo. Ukasimama. Akalishika tumbo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekadiria boga shambani. Akanitazama.

"Ni hili?" akauliza.

Nikainamisha kichwa.

"Ni hili tu?"

"Ndiyo, mama."

Restituta, bibi yako alicheka. Alikaa chini ndani ya maji, nguo zimemjaa upepo zinaelea, akacheka mpaka akakohoa, anapiga maji kwa viganja. "Ni mimba tu," anasema. "Ni mimba tu, jamani. Asante Mungu, ni mimba." Kisha akalia, halafu akanisugua mgongo kama Jumamosi yoyote. Njiani kurudi akanitandika kofi moja zito, akasema hilo ni la uongo wa shule, na la mimba ananisamehe. Sijui kama Karatu nzima kuna mtoto mwingine wa nje ya ndoa aliyepokelewa kwa kicheko vile. Watu wakikutupia maneno ukiwa mkubwa, kumbuka hilo. Mtu wa kwanza kukugusa alimshukuru Mungu.

Lakini alikuwa amekwisha kuogopa, na hofu ile haikuondoka na kicheko. Ulipozaliwa hospitali ya misheni, yeye ndiye aliyemvuta yule daktari koti. Bibi yako Kiswahili chake ni cha sokoni, mambo makubwa anayasema kwa Kiiraqw, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Niliketi kitandani na wewe mapajani, nimeinama, natafsiri habari za mwili wangu mwenyewe kama habari za mtu wa jirani.

Daktari alinipima. Akasema, "Leo huna kitu. Nimepapasa kote."

Bibi yako akasema nimwambie kwamba hata Veronika alikuwa na siku ambayo hakuwa na kitu.

Daktari alichukua cheti changu cha hospitali. Kisha akanisemesha Kiingereza, kwa sababu aliona kwenye cheti kwamba nimesoma. Alisema taratibu kwamba amewatibu wawili wa ukoo huu, Yuliana na Veronika, na wote walikuja wakati hakuna tena la kufanya. Alisema ugonjwa wenyewe ukimpata mwanamke kijana kama Veronika, na mama yake mdogo, na bibi yake, basi unatembea kwenye damu. Alisema kwao Ulaya wako wanawake, si wengi, walioamua kutolewa matiti yote mawili kabla hayajaugua. Hakunishawishi. Alisema nifikirie, nimnyonyeshe mtoto kwanza, akue kidogo.

Nilimwambia bibi yako yote kama yalivyo. Kwa Kiiraqw yalikuwa mazito kuliko kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza yalikuwa kama somo.

"Mwulize, akimkata, hataugua kabisa?"

"Sijui, mama," daktari akajibu kwa Kiswahili. "Nafikiri hatari itapungua sana. Ahadi sina."

"Mwulize, angekuwa mtoto wake, angemkata?"

Niliona aibu kuuliza, lakini bibi yako alinisukuma kiwiko. Daktari alitazama mikono yake. Akasema, "Angekuwa mtoto wangu ningelia kwanza. Halafu ningemkata."

Bibi yako hakungoja nitafsiri.

Babu yako alipoambiwa alikuwa ananoa jembe. Hakuinua macho.

"Daktari amesema anaumwa?"

"Hajasema," bibi yako akajibu.

"Basi anakatwa kwa ugonjwa wa nani?"

"Wa mama yangu. Wa Yuliana. Wa Veronika. Unataka nikutajie tena?"

Akanoa, akanoa. "Ana mtoto hana mume. Akikatwa na hayo, nani atamwoa?"

"Wewe ulioa matiti au ulinioa mimi?"

"Nilikuoa wewe na vyote."

"Basi mwenzio atamwoa na vilivyobaki."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nimekubeba. Ungekuwa mkubwa ungecheka. Babu yako alichukua jembe akaenda shambani, na ilikuwa Jumapili.

Usimwone mbaya. Yeye ndiye aliyembeba Veronika mgongoni kutoka barabarani mpaka nyumbani lori lilipokwama. Nadhani anaogopa kisu kwa sababu ugonjwa ameshauzoea.

Basi ulipofika umri wa uji, daktari akasema nikuachishe, maziwa yakikauka nirudi. Alisema akikata wakati maziwa yamejaa, kidonda kitasumbua kupona. Bibi yako akakata shubiri, akanipaka. Siku ya kwanza ulionja ukakunja uso, ukanitazama kama niliyekupiga. Ulilia mchana kutwa. Kila ulipolia, maziwa yalikuja yenyewe, gauni likalowa, na siku iliyofuata walipokwenda kupalilia nikakuleta humu.

Nilijiambia nakuhurumia. Ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu. Na ulikuwa ni ukweli wa siku ile ya kwanza.

Kisha tulipokwenda hospitali, daktari akabonyeza, maziwa yakamrukia kwenye mkono. Akasema, "Bado. Rudi baadaye." Bibi yako alihuzunika. Mimi njia nzima ya kurudi nilijisikia mwepesi. Nilitazama mashamba ya ngano, nikaona yamependeza, nikanunua muwa. Hapo ningepaswa kujijua. Nilipofika nyumbani nilikutafuta kabla ya kunywa maji, nikakuleta humu.

Na kuna siku moja, hii ndiyo iliyo ngumu kuandika. Ulikuwa umeshiba uji wako, umelala vizuri, tumbo limejaa. Nilikuamsha. Ukageuza uso. Nikakurudisha. Ukalia, ukanisukuma kwa kiganja, nikakushika kichwa kwa nyuma nikakulazimisha, mpaka ukanyonya huku unalia. Nilikuwa nakukama kinyume, mwanangu. Nilikuwa nahitaji unyonye ili nisikatwe. Ulipomaliza ulitapika yote begani kwangu. Nilikufuta, nikajipaka shubiri, nikaenda kupika.

Tangu siku hiyo siwezi kusema ni huruma.

Wakati huo maneno yakaanza kijijini. Mama mmoja mzee wa jirani alimwambia bibi yako kwamba maziwa yanayokataa kukauka yana sababu, kwamba huenda Ama hataki mjukuu wake akatwe. Bibi yako ni mkristo, lakini nilimwona akimwaga maziwa kidogo mlangoni asubuhi, akinong'ona. Alimwomba mama yake msamaha kwa ajili ya uongo wangu. Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo. Ningeweza kusema. Midomo yangu ilifunguka kabisa, kisha nikaenda kuchota maji.

Ndipo akaamua uondoke. Kwetu mtoto anayeachishwa hupelekwa kwa bibi yake mpaka asahau, lakini wewe bibi yako tunaishi naye nyumba moja. Akatuma ujumbe Nainokanoka. "Asipokusikia unalia," akaniambia, "mwili utaelewa." Hajui kwamba mwili ungeshaelewa zamani kama mimi ningeuacha.

Leo asubuhi babu yako aliniita kwenye zizi. Alikuwa anakagua kwato za ng'ombe, akaongea na kwato. Akasema, "Mwanangu, mimi sikulazimishi. Lakini ukisema hutaki, sema neno moja tu. Nitamwambia dada yangu apande lori lake aende zake. Mtoto atabaki, na hakuna atakayekugusa."

Neno moja. Nimekaa nalo mdomoni tangu asubuhi. Najua bibi yako asingeweza kumshinda katika hilo, kwa sababu kama mimi mwenyewe sitaki, ameshindwa. Ungebaki. Ningekunyonyesha mchana mbele ya watu. Ningekwenda mtoni Jumamosi kama wengine. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko dawa ya usingizi na kuliko kisu: kwamba nikikatwa nitakuwa mtu wa kuoga asubuhi peke yake maisha yangu yote. Ni jambo dogo, najua. Kila nikifumba macho ndilo ninaloliona.

Nimeanza kuandika barua hii nikidhani nitakueleza kwa nini nimesema neno lile. Nilikuwa nimeshaipanga. Ningekwambia mama yako alikupenda mno, hakuweza kukuachia. Ungekuja kuisoma, ungelia, ungenipenda. Na nadhani Ama naye alikuwa na maneno mazuri ya kusema kuhusu ng'ombe.

Lakini nimemwandika Ama, nimemwandika Veronika, na sasa siwezi kujiweka mbali nao. Dada yangu alikunywa dawa ya kikohozi. Mimi nina maziwa. Sioni tofauti, ila kwamba Veronika hakumtumia mtoto wa mtu.

Sasa yako wewe. Sina namna nzuri ya kuliandika: huenda damu hiyo unayo. Ulizaliwa nayo kama ulivyozaliwa na masikio yangu. Daktari nilimwuliza juu yako kwa Kiingereza, bibi yako asisikie, akasema hajui, labda ndiyo, labda hapana, na hakuna wa kujua kwa sasa. Sikuwahi kumtafsiria bibi yako hilo. Ukiwa mkubwa usingoje uwe na kitu. Nenda uulize. Kama mganga ni shemeji yako, nenda kwa mwingine hata kama ni kutembea siku nzima, lakini usiseme unakohoa. Na ukiona unatafuta sababu ya kuoga peke yako, nenda kamwambie mtu siku hiyo hiyo, awe shangazi Teresia, awe bibi yako, awe mimi kama nipo.

Kama nipo. Naandika hivyo kwa sababu ahadi sina. Watu wanalazwa wasiamke. Na hata nikiamka, ugonjwa unaweza kuwa umeshajificha mahali ambapo vidole havifiki. Naweza kupoteza matiti, na maziwa yako, na mwaka huu wako wa kujifunza kutembea, na bado nikafa kama wao. Sikuandikii kwamba mambo yatakuwa mema. Nakuandikia kwamba nitakwenda.

Utanisahau kidogo huko. Shangazi amesema watoto husahau upesi, akadhani ananifariji. Nikija kukuchukua utajificha nyuma ya kanga yake, na nikikubeba utatafuta kifuani kwangu kitu ambacho hakipo. Sijui nitafanya nini siku hiyo. Nitakubeba tu.

Nakusikia unalia huko nje. Umetoka shambani mgongoni kwa bibi yako, na kilio chako ni kile cha saa hizi, unajua saa zetu. Gauni limeshalowa. Nasikia viatu vyake vya matairi kwenye changarawe, anakuimbia huku anahema, anasema, "Nyamaza, mama yako yuko wapi, tumtafute."

Kila mtu alipopita leo nimeisukuma karatasi hii chini ya gunia. Bibi yako hajui kusoma, lakini ataniuliza naandika nini, na yeye akiniuliza huku ananitazama siwezi kumdanganya, ndiyo maana siku zote nilihakikisha haniulizi. Sasa nimeiacha magotini, aniulize. Ukininyooshea mikono nitakupokea, nitakulaza begani, na utalia, na sitafungua kifungo.

Wamefika mlangoni. Naandika bado.